Yai si jina, yai ni kazi: maoni yangu kuhusu mafini za vegani zenye pilipili

Najua wengi wenu huja hapa kusoma kuhusu kuandika programu, na leo itabidi mnivumilie kwa sababu naingia jikoni. Sijaacha kazi. Bado nalipwa kuandika msimbo, na ile shahada ya sayansi ya kompyuta bado iko kwenye bahasha yake kabatini. Lakini kuna jambo ambalo limekuwa likinikera, na kila nikilitazama naona ni lile lile linalonikera nikiwa ofisini. Kwa hivyo acha niliseme.

Jambo lenyewe ni mafini za chokoleti za vegani, yaani zile zisizo na mayai, maziwa, siagi wala kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Hapa Nairobi zimegeuzwa kuwa chakula cha fahari. Kuna mkahawa fulani, sitautaja, ambao huweka mafini za kawaida na za vegani kwenye kabati moja la kioo, na ile ya vegani bei yake inakaribia mara mbili ya mwenzake. Ukiuliza sababu unaambiwa viungo ni ghali: maziwa ya lozi kutoka ng'ambo, mbegu za kitani kutoka ng'ambo, na unga fulani maalumu wa kuchukua nafasi ya yai, nao pia kutoka ng'ambo. Na ukitafuta maelezo ya kuoka mwenyewe, unakabidhiwa orodha ile ile.

Maoni yangu ni haya. Karibu vitu vyote hivyo havihitajiki. Viko pale kwa sababu mtu alichukua maelezo ya keki ya kawaida, akafuta neno "yai", kisha akatafuta neno lingine la kuandika pale palipobaki wazi. Alibadilisha jina. Hakujiuliza hata mara moja yai lilikuwa likifanya kazi gani ndani ya keki ile.

Wale mnaoandika programu mnalijua kosa hili. Sehemu moja ya programu haifai kujali sehemu nyingine inaitwa nani. Inachojali ni kwamba ikiomba kazi fulani, kazi inafanywa. Leo data iko kwenye hifadhidata hii, kesho iko kwenye ile, na mtumiaji wala hajui. Lakini ukibadilisha kitu bila kujua kazi zake zote, utajaza vitegemezi chungu nzima, vingine havina kazi, na hakuna atakayethubutu kuvitoa kwa sababu hakuna anayejua viliingiaje. Basi mbegu za kitani kwenye mafini ya chokoleti ndicho kitegemezi cha aina hiyo.

Tuanze na yai lenyewe. Yai moja la kawaida bila ganda lina uzito wa karibu gramu 50. Robo tatu yake ni maji. Protini ni kama asilimia 12 au 13, na mafuta kama asilimia 10, karibu yote yakiwa kwenye kiini. Ndani ya mafini, vitu hivyo hufanya kazi nne:

1. Maji yake hulowesha unga.
2. Protini zake huganda kwa joto na kushikilia umbo.
3. Kiini huleta mafuta, na pia lesithini, ambayo husaidia mafuta na maji yakubali kukaa pamoja.
4. Likipigwa, hushika hewa na kusaidia keki kuumuka.

Sasa tazama ni nani mwingine jikoni anayeweza kazi hizo. Maji? Tui la nazi lina maji mengi, na mafuta pia. Umbo? Unga wa ngano una gluteni, na wanga wa unga pamoja na ule wa kakao huganda ukipata joto. Mafuta? Chupa ya mafuta ya kupikia iko pale kwenye rafu. Kuumuka? Siki na bekingi soda. Kazi nne zote zimepata wenyewe, na hakuna hata kimoja kilichopitia uwanja wa ndege.

Nisiwadanganye, jibu hili si la kila keki. Ile keki ya sponji inayosimama kwa povu la mayai peke yake ni habari nyingine, na meringi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu huko yai ndilo jengo lenyewe. Lakini mafini ya chokoleti ni rojo zito linaloumuliwa kwa kemikali na kushikiliwa na ngano. Humo yai ni msaidizi tu, na msaidizi anaweza kupewa likizo.

Wala huu si uvumbuzi wa juzi. Marekani katika miaka ya shida, vita na mdororo wa miaka ya 1930, watu walioka keki za kakao bila mayai, bila maziwa na bila siagi, kwa kutumia siki na bekingi soda, kwa sababu vitu hivyo vingine vilikuwa haba au ghali. Uingereza chakula kiligawiwa kwa vipimo kuanzia Januari 1940 hadi Julai 1954, na mayai yalikuwa kati ya vitu vilivyohesabiwa. Neno "vegan" lenyewe lilizaliwa huko huko Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao, vita vikiwa bado havijaisha. Yaani keki isiyo na yai ilianza kama chakula cha mtu aliyebanwa na bei. Iliwezaje kugeuka kuwa chakula cha mtu mwenye pesa za kuchezea? Hilo ndilo swali langu.

Kuna ndugu zangu ambao wakisikia neno vegani huguna. Eti ni mambo ya wazungu, eti ni mambo ya vijana wa mjini waliokosa shida za kufikiria. Mimi huwauliza: mahamri ya Mombasa yana nini? Unga, sukari, hamira, iliki na tui la nazi. Mbaazi za nazi zina nini? Githeri je? Irio? Mahamri na mbaazi ni kiamsha kinywa cha vegani kamili, na hakuna aliyewahi kukiita hivyo wala kukitoza bei ya ziada. Waethiopia nao ndugu zetu, Wakristo wa kanisa lao la Orthodoksi hufunga siku nyingi sana za mwaka bila nyama, maziwa wala mayai, na ndiyo maana mezani kwao kuna vyakula vingi vitamu vya namna hiyo. Sisi jina ndilo geni kwetu, chakula chenyewe tunakijua.

Sasa tuje kwenye pilipili, maana naona mmeanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. :-)

Pilipili na chokoleti ni marafiki wa zamani kuliko chokoleti na sukari. Watu wa Mexico ya kale na jirani zao walikuwa wakinywa kakao karne nyingi kabla ya Wahispania kufika, na moja ya vitu walivyotia ndani yake ni pilipili. Sukari ya miwa ilikuja baadaye pamoja na Wazungu. Pilipili yenyewe ni mzaliwa wa Amerika. Ilifika kwetu pwani baada ya Wareno kuanza kuzunguka dunia kwa merikebu, na ikakaribishwa kana kwamba ilikuwa mtoto wa nyumbani aliyepotea. Kwa hivyo mtu akikuambia kutia pilipili kwenye mafini ya chokoleti ni ujanja mpya wa mkahawa, mwambie asome historia.

Lakini mimi siitetei pilipili kwa historia tu. Nataka nayo niitetee kwa kazi yake. Ukiondoa siagi na kiini cha yai, unaondoa pia ladha fulani nzito iliyokuwa ikijaza kinywa. Keki itainuka vizuri, itakuwa laini, lakini mtu akila atasema kuna kitu kimepungua, hata kama hawezi kukitaja. Hapo ndipo viungo vinapoingia kazini. Mdalasini na iliki hujaza harufu. Tangawizi huleta joto la mapema, lile la ulimini. Pilipili huleta joto la nyuma, linalofika sekunde chache baada ya utamu, pale koo inapoanza. Chokoleti inakuwa na mwanzo, katikati na mwisho.

Na hapa kuna jambo la kisayansi ambalo mapishi mengi hayalitaji. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali inayoitwa kapsaisini. Hii haiungui ulimi kikweli. Inaamsha vipokezi vile vile vya neva vinavyotuambia kwamba kitu ni cha moto, na ubongo unaamini. Kapsaisini hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana kunywa maji baada ya pilipili hakukusaidii. Maziwa husaidia kwa sababu yana protini iitwayo kasini, ambayo huishika kapsaisini na kuiondoa mdomoni. Sasa jiulize: mafini yetu ina maziwa? Haina. Kwa hivyo kipimo kile kile cha pilipili unachotia kwenye keki ya maziwa kinaweza kuwasha zaidi humu. Ukinakili kipimo kutoka kwa keki ya kawaida, utawasikia wageni wakikohoa. Anza na robo ya kijiko cha chai kwa mafini 12, uonje, kisha toleo la pili uongeze ukipenda.

Sasa kemia ya kuumuka, na hapa ndipo nilipofurahi kama mtu aliyepata hitilafu kwenye msimbo wa wiki tatu. Maelezo mengi ya mtindo huu huagiza kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, ambacho ni kama gramu 5, pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha siki. Hebu tufanye hesabu. Kijiko kikubwa ni mililita 15. Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi asilimia 5. Hiyo ni chini kidogo ya gramu 1 ya asidi. Asidi hiyo inaweza kumaliza takriban gramu 1 tu ya bekingi soda. Zile nyingine 4 zinaenda wapi? Kidogo hukutana na asidi iliyo kwenye kakao ya asili. Kinachobaki hupasuliwa na joto la oveni, hutoa gesi kweli, lakini huacha nyuma kaboneti ya sodiamu. Ikizidi, ndiyo ile ladha ya sabuni ambayo watu huilaumu na kusema "ndivyo vitu vya vegani vilivyo". Hapana, u-vegani hauhusiki hapo. Ni hesabu isiyofungwa.

Dawa yake ni rahisi: tia nusu ya soda, halafu jazia kwa bekingi pauda, ambayo huja na asidi yake ndani ya kopo. Na tafadhali msichanganye bekingi soda na magadi yale ya kulainishia maharagwe au mboga. Magadi ya kule Ziwa Magadi yana kaboneti pamoja na bikaboneti, ni makali zaidi, na keki haitakusamehe.

Tukiwa hapo kwenye kakao, soma karatasi ya kopo. Ile ya kunywa asubuhi, tamu, ambayo wengi wetu tulikua nayo, mara nyingi ni sukari kwa wingi, na nyingine zina unga wa maziwa. Hiyo siyo tunayotaka. Tunataka unga wa kakao mtupu, mchungu. Huo nao una aina mbili. Upo wa asili, wenye asidi kidogo, na upo uliopitishwa kwenye alkali, mbinu ambayo huhusishwa na Mholanzi Coenraad van Houten wa karne ya 19. Ukiona kwenye orodha ya viungo E500 au E501, ujue ni huo wa pili. Ni mweusi zaidi na mpole ulimini, lakini hauna asidi ya kusaidia soda. Ukiwa nao, punguza soda iwe robo ya kijiko na uache bekingi pauda ifanye kazi zaidi.

Kisha kuna suala la mahali. Kila mwandishi wa programu amewahi kusema au kuambiwa maneno haya: "Kwenye mashine yangu inafanya kazi!" Mapishi nayo yana ugonjwa huo. Mombasa iko usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ndani ya keki hutanuka kwa urahisi zaidi, na maji hukauka upesi. Mafini iliyoandikiwa Mombasa ikiokwa Nairobi inaweza kupanda kwa haraka, kisha ikaporomoka katikati kabla haijashika. Kwa hivyo mtu wa bara anapunguza kiumuo kidogo na kuongeza kijiko kimoja au viwili vya majimaji. Mapishi mangapi mmesoma yanayosema yaliandikwa wapi? Hiyo ni sawa na kumpa mtu programu bila kumwambia inataka mfumo gani.

Haya, haya ndiyo maelezo yangu. Ni ya Nairobi, na yanatoa mafini 12. Nimetumia gramu kwa sababu kikombe cha kwangu si kikombe cha kwako.

Vikavu:
- Unga wa ngano wa kawaida, gramu 200 (usitumie ule uliotiwa kiumuo kiwandani)
- Unga wa kakao mtupu, gramu 40
- Sukari, gramu 160
- Bekingi soda, nusu kijiko cha chai
- Bekingi pauda, kijiko kimoja cha chai (Mombasa, kimoja na nusu)
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Mdalasini wa unga, kijiko kimoja cha chai
- Tangawizi ya unga, nusu kijiko cha chai
- Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- Pilipili kali ya unga, robo kijiko cha chai

Majimaji:
- Tui la nazi jepesi, mililita 270 (Mombasa, 250)
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 80
- Siki, kijiko kimoja kikubwa

Washa oveni mapema ifike nyuzi 180. Chekecha vikavu vyote pamoja, maana kakao hupenda kufanya madonge. Kwenye bakuli lingine changanya majimaji. Mimina majimaji juu ya vikavu, koroga kwa mwiko mara kumi, kumi na tano hivi, uache pale pale unga mkavu unapopotea. Madonge madogo hayana neno. Ukiendelea kukoroga unaikaza gluteni, na utakula raba. Tena usicheleweshe. Soda na siki vikikutana tu, saa imeanza kuhesabu. Simu ikilia, iache ilie.

Jaza vikombe vya karatasi hadi theluthi mbili. Oka dakika 18 hadi 22. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kisafi au na chembe chache, zimeiva. Ziache kwenye trei dakika 10, kwa sababu bila yai huwa dhaifu zikiwa za moto na hushika zikipoa. Usihukumu ukali wa pilipili zikiwa za moto.

Huna oveni? Wala usijali. Wengi wetu tuliona keki zikiokwa kwenye jiko la makaa. Weka mchanga mkavu kidogo chini ya sufuria kubwa, iache ipate moto, ingiza trei ndogo ndani, funika kwa kifuniko bapa, na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkubwa kidogo. Hesabu kama dakika 30, na uangalie, maana jiko halina namba.

Mmeona kila mstari nimeutolea sababu, huko juu au hapo hapo. Nimefanya hivyo makusudi. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amependa sana kufananisha programu na mapishi: ukipewa, uwe huru kuyabadilisha na kumpa jirani. Nakubaliana naye kabisa. Lakini naongeza kwamba uhuru wa kubadilisha ni jina tu kama hujui kila kitu kinafanya nini. Mapishi yasiyotoa sababu ni kama msimbo usio na maelezo. Utaunakili, lakini hutathubutu kuugusa. Na asiyethubutu kugusa ndiye anayetozwa bei mara mbili.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mzaha kwangu. Dada yangu ana mtoto mwenye mzio wa mayai na maziwa, ile watu wengi huita aleji. Mzio wa vitu hivyo viwili ni kati ya ile inayowapata watoto wadogo zaidi. Kwenye sherehe za wenzake yeye ndiye anayekaa na pakiti ya biskuti aliyobebewa kutoka nyumbani, huku wengine wanaimba na kukatiwa keki. Dada yangu hafuati mambo ya vegani. Anapenda nyama choma kuniliko. Anachotaka ni keki ambayo mtoto wake atakula kama wenzake, na ambayo mama mwingine yeyote katika mtaa anaweza kuioka bila kukopa. Keki ya kakao, tui na siki inaweza kuwa hiyo. Keki ya lozi na kitani haiwezi, kwa sababu mama huyo akiona orodha ataifunga na kununua biskuti.

Lakini hapa pia kuna mtego, na ni mtego wa jina tena. Maandishi "vegani" kwenye kabati la kioo yanakuambia mwokaji hakukusudia kutia kitu cha mnyama. Hayakuambii kwamba mwiko uliotumika haukutoka kwenye rojo lenye maziwa dakika tano zilizopita. Kwa mtu aliyechagua mlo huo kwa imani yake, chembe hiyo ni kero. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, inaweza kuwa safari ya hospitali. Chokoleti nyeusi za vipande nazo mara nyingi hutengenezwa kwenye mitambo inayopitisha chokoleti ya maziwa, na baadhi ya majarini huwa na maji ya maziwa ndani yake. Ndiyo sababu kwenye maelezo yangu hakuna vipande vya chokoleti wala majarini: kakao tupu na mafuta ni rahisi kuvikagua. Hata hivyo soma karatasi kila unaponunua, osha vyombo kwanza, na umuulize mzazi kabla ya kumpa mtoto. Kuna watoto wenye mzio wa ngano, wa soya, wa njugu. Neno "vegani" halijui habari zao. Na kwa watoto wadogo toa pilipili, ongeza tangawizi kidogo. Inatosha.

Najua kuna atakayesema mwokaji ana haki ya kuweka bei anayotaka. Kweli, anayo. Kodi ya duka ni yake, umeme ni wake, na mafini ambazo hazikununuliwa jioni ni hasara yake. Kama anauza chache, kila moja itabeba mzigo mkubwa. Sina ugomvi na hilo, na akiniambia hivyo nitamlipa nikitabasamu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba bei imetoka kwenye yai ambalo halimo. Na nakataa zaidi mtu wa Kisauni au Kayole aaminishwe kwamba chakula hiki hakikuandikwa kwa ajili yake, wakati nazi, iliki, tangawizi na pilipili vyote viko sokoni kwake, na pengine ni bora kuliko vya yule aliyeandika maelezo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Siku nyingine ukiambiwa kitu hakiwezekani kwa sababu umekosa kiungo fulani, iwe ni jikoni au kwenye tarakilishi, usikimbilie kutafuta kitu chenye jina linalofanana. Uliza kwanza: hiki kilikuwa kikifanya kazi gani? Ukipata jibu, mara nyingi utakuta aliyeiweza kazi hiyo amekuwa kwenye rafu yako siku zote.

Mimi toleo langu linalofuata nitajaribu pilipili manga mahali pa pilipili kali, maana ukali wake ni wa namna nyingine. Nanyi jaribuni lenu, badilisheni, na mkimpa jirani msisahau kumpa na sababu. Mlo mwema!